Milioni ya George Kordahi ilikuwa ya pesa gani?

Aliyekuwa na dishi la setilaiti mwanzoni mwa miaka ya 2000 hajamsahau George Kordahi, mtangazaji wa kipindi cha maswali na zawadi: suti, sauti nzito, kimya cha kukata pumzi, kisha lile swali, "Jawab nihai?" Yaani hilo ndilo jawabu lako la mwisho? Hata Mswahili asiyejua Kiarabu aliidaka ile "jawab" bila kutafsiriwa. Kipindi kiliitwa Man sa yarbah al-malyoon, "Nani atashinda milioni", na kilirushwa na MBC, kituo cha televisheni cha Kiarabu. Mpaka leo kinasimuliwa, ila masimulizi mengine yamepinda.

Dhana inayoongoza ni kwamba milioni ile ilikuwa ya dola. Haikuwa. Zawadi kuu ilikuwa riyali milioni 1 za Saudi Arabia. Riyali imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.75 tangu 1986, kwa hiyo hesabu haina ugomvi: kama dola 266,667. Kule Uingereza, kwenye toleo lao la kipindi hichohicho, mshindi alipewa pauni milioni 1, zaidi ya mara tano ya hizo. India nao walitangaza rupia milioni 10, sifuri zinajaa kioo kizima, lakini kwa viwango vya mwaka 2000 zilikuwa dola laki mbili na kidogo, pungufu ya milioni ya Kordahi. Ukisikia "milioni" kwenye televisheni, uliza kwanza ya nchi gani.

Halafu kuna wanaoapa kwamba Waarabu walimwiga Amitabh Bachchan, mwigizaji aliyeendesha toleo la India. Naelewa wanakotoka, maana kwetu pwani Bachchan ni kama ndugu. Lakini kipindi mama ni cha Uingereza: kilianza kwenye ITV ya kulekule tarehe 4 Septemba 1998, mtangazaji akiwa Chris Tarrant. Bachchan alianza Julai 2000, Kordahi akafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Wote wawili ni watoto wa mama mmoja. Anayenunua leseni hununua mfumo mzima: taa, muziki, maswali 15, misaada mitatu. MBC yenyewe ilianzishwa London mwaka 1991 na ilihamia Dubai mwaka 2002 tu. (Msaada wa kuwauliza watazamaji ukumbini ulitumia neno jumhur, yaani umma. Jamhuri yetu imetoka hukohuko.)

"Ile ni kamari, masheikh wote wamesema." Hapa pana mambo mawili yamechanganywa. Ni kweli kwamba mwaka 2001 Mufti wa Misri, Sheikh Nasr Farid Wasil, alitoa fatwa akakihesabu kipindi hicho kuwa aina ya kamari. Lakini fatwa ya mufti mmoja si ijmai, yaani makubaliano ya wanazuoni wote, na kipindi kiliendelea kurushwa. Ukitazama mchezo wenyewe, aliyeketi mbele ya Kordahi hakuweka pesa yake mezani. Akikosea, anapoteza fedha alizokuwa ameshahesabiwa kwenye ngazi, si za mfukoni mwake, na akishavuka swali la 5 au la 10 kuna kiasi ambacho hakiguswi tena. Penye mjadala wa kweli ni mlangoni, kwenye kuomba kushiriki. Maelfu wakilipia simu kwa bei ya juu kuliko kawaida ili mmoja apate, na zawadi ikatokana na simu hizohizo, hapo harufu ya bahati nasibu ipo. Mimi nadhani wanaokitetea kipindi hulikwepa swali hilo, na wanaokilaani hawalitenganishi na kile kiti.

Mwisho ni habari ya Kordahi mwenyewe, ambaye wengi humdhania Mmisri. Ni Mlebanoni, Mkristo wa Kimaroni. Wapo wanaosema kilichomwangusha ni kauli aliyoitoa kwenye kipindi cha maswali. Sivyo. Septemba 2021 aliteuliwa waziri wa habari wa Lebanon. Mwezi mmoja kabla, kwenye mahojiano mengine kabisa, alikuwa amesema Wahouthi wa Yemen, waasi waliokuwa wakipigana na muungano ulioongozwa na Saudi Arabia, wanajitetea dhidi ya uvamizi wa nje. Mahojiano yaliporushwa mwishoni mwa Oktoba, Saudi Arabia ilimfukuza balozi wa Lebanon na kupiga marufuku bidhaa za nchi hiyo. Tarehe 3 Desemba alijiuzulu, hata miezi mitatu hajatimiza.