Sindano za Kupunguza Unene: Panya Walipungua, Wewe Usiache Dawa

Maswali haya nayasikia kila siku ya kliniki ya sukari na presha hapa Kisumu. Mengi huanzia kwenye video iliyotumwa kwa simu: sindano nyembamba, nyaya, na mtu mwenye koti jeupe akisema sayansi imethibitisha kwamba mafuta yanayeyuka bila wewe kujinyima chochote. Sayansi hiyo ipo, ila sehemu kubwa yake ni ya panya. Nimejibu vile ninavyowajibu wagonjwa wangu. Palipo na ukali, mnivumilie.

Tiba hii ya sindano ni nini hasa?

Ni tiba ya jadi ya China, iitwayo akyupancha. Sindano nyembamba sana, isiyo na dawa yoyote ndani, huchomwa mahali maalumu mwilini na kuachwa hapo kwa muda, mara nyingi kama nusu saa. Siku hizi sindano huunganishwa na kimashine kinachopitisha umeme kidogo. Wengine hupachika kipande cha uzi wa kushonea chini ya ngozi, kiyeyuke chenyewe. Mahali panapotumika sana ni chini ya goti, upande wa nje wa muundi. Wachina hupaita Zusanli.

Na hao panya walifanywa nini?

Panya wa maabara hulishwa chakula ambacho asilimia 45, au hata 60, ya nguvu yake inatokana na mafuta, mpaka wanenepe. Kisha hugawanywa. Kundi moja linachomwa sindano za umeme. Jingine linachomwa mahali pasipohusika, au haliguswi kabisa. Baada ya wiki kadhaa hupimwa uzito na damu, na mwishowe huuawa ili mafuta, ini na ubongo vichunguzwe. Hiyo ndiyo faida ya panya. Mgonjwa wangu hawezi kunipa ubongo wake niukate vipande.

Walipungua kweli?

Katika majaribio mengi, ndiyo: walipungua, au waliongezeka polepole kuliko wenzao. Siwezi kusema ni uongo mtupu. Kuna sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipothalamasi, ndiyo inayosimamia njaa na shibe. Kwa panya waliochomwa, watafiti waliona ishara za njaa zikishuka na za shibe zikipanda. Waliona insulini, homoni inayouwezesha mwili kutumia sukari, ikifanya kazi vizuri zaidi, na mafuta meupe, yale ya akiba, yakianza tabia za mafuta ya kahawia ambayo huchoma nguvu na kutoa joto. Ni kazi ya maana kwa anayetaka kuelewa unene. Kwa anayetaka kukuuzia vipindi kumi vya sindano, ni tangazo tu.

Kama panya alipungua, kwa nini mimi nisipungue?

Kwanza, uliza alishikwaje. Panya hajilazi kitandani akangoja sindano. Hubanwa asiweze kujigeuza, au hupewa dawa ya usingizi, tena mara kadhaa kwa wiki. Panya aliyebanwa huingiwa na hofu, na panya mwenye hofu hula kidogo na kupungua hata asipochomwa. Ndiyo maana kundi la kulinganisha linapaswa kubanwa vilevile, na si kila utafiti ulizingatia hilo. Makundi yenyewe ni madogo, panya wanane, kumi hivi, na mara nyingi haielezwi kama anayepima anajua yupi alichomwa.

Pili, panya wa maabara anakula anachowekewa. Hana matanga ya kwenda Ijumaa, hana harambee, wala shangazi wa kununa akikataa sahani ya pili.

Tatu, yako yaliyowahi kutokea. Kuna aina ya panya wanaozaliwa wakikosa leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ya mafuta imetosha. Wanakula hawashibi, wananenepa kupita kiasi. Jeni ya leptini ilipotambuliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, haikuchukua muda panya hao wakadungwa leptini na kukonda. Watu wakashangilia kwamba dawa ya unene imepatikana. Walipopimwa watu wanene, wengi walikutwa na leptini tele kwenye damu, tatizo ni kwamba ubongo wao hauitiki. Kuwaongezea nyingine hakukuwafaa wengi wao.

Ina maana hakuna binadamu waliojaribiwa?

Wapo. Ila tafiti nyingi ni ndogo, za muda mfupi, na mara nyingi waliochomwa sindano walikuwa pia wamepunguziwa chakula. Utajuaje ni sindano au ni sahani?

Nina sukari. Naweza kusimamisha tembe kidogo nikijaribu sindano?

Hapana.

Hata wiki mbili tu?

Hata wiki mbili. Ukitaka sindano, hiyo ni hiari yako na ni pesa zako. Tembe za sukari na insulini zinaendelea kama ulivyoandikiwa. Hakuna utafiti, wa panya wala wa mtu, unaokuruhusu kuacha dawa ya sukari kwa sababu umechomwa sindano za kupunguza mwili.

Lakini daktari, niliacha metformini, tembe zangu za sukari, nikaenda sindano, na kweli nimepungua. Sketi inazunguka kiunoni.

Hapa ndipo nakuomba usome polepole, maana hili ndilo linalotuletea watu wakiwa wamebebwa.

Sukari ikipanda sana kwenye damu, figo zinalemewa nayo, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Mwili una sukari tele lakini, bila insulini ya kutosha, hauwezi kuitumia. Basi unaanza kujila: mafuta kwanza, na misuli nayo haiponi. Unapungua, tena haraka. Mashavu yanaingia ndani, kitambi kinashuka, majirani wanakupongeza, na mwenye sindano anakupiga picha ya matangazo.

Huko si kupona unene. Ni ugonjwa wa sukari uliokosa dawa. Kupungua huku unasikia kiu na unakojoa usiku kucha si mafanikio ya sindano. Nimesema si mafanikio. Ni dharura.

Mama mmoja muuza samaki aliletwa na binti yake, amemshika kiunoni, na kwenye miundi yote miwili vidoti vya sindano bado vinaonekana. Chupa ya maji ya lita moja na nusu mkononi, karibu imeisha. Tulipomchoma kidole, kimashine hakikutoa namba. Kiliandika HI, ambayo kwa vile tunavyotumia maana yake ni sukari iliyozidi 33.3 kwa kipimo cha mmol/L. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka inapasuka akizungumza. Tukiwa tunatafuta mshipa wa kuweka dripu, akatuuliza kama tumeona alivyopungua.

Niliambiwa kiu na mkojo mwingi ni sumu inayotoka mwilini.

Si sumu. Ni sukari. Sindano haifukuzi sumu kupitia mkojo, na anayekwambia hivyo hajakupima chochote. Ukiona kiu isiyokatika na mkojo usioisha, pima sukari siku hiyo. Usingoje kipindi kinachofuata cha sindano, wala usimpigie simu aliyekuchoma akupe maelezo. Pima.

Mimi sina sukari, basi hayo hayanihusu.

Ulipimwa lini? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 88 katika kila 100 nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Huohuo ulikuta karibu wanawake 39 katika kila 100 wana uzito uliozidi au unene. Kwa hiyo mtu anayetafuta sindano za kitambi ndiye hasa anayepaswa kupimwa kabla hajatoa hata shilingi. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 au zaidi, tutakirudia kuhakikisha. Presha nayo ipimwe hapohapo. Haiumi, na ndiyo sababu watu huacha dawa zake.

Sindano zenyewe zina madhara?

Zikichomwa na aliyesomea, kwa sindano mpya, mara nyingi ni damu kidogo au alama kwenye ngozi. Zikirudiwa kwa mtu mwingine, unaweza kuondoka na homa ya ini aina ya B au virusi vya UKIMWI, na sisi wa mikoa ya ziwa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Pakiti ifunguliwe ukiona kwa macho yako. Ikiwa imefunguliwa tayari, vaa viatu uende. Mwenye sukari ambaye miguu ina ganzi asichomwe wala kuchuliwa miguu kwa mashine za joto, kwa sababu hatasikia akiungua.

Nipunguze mwili vipi basi?

Huwa naona nyuso zikinyong'onyea nikifika hapa, maana sina video ya kuonyesha. Ukiwa na kilo 90, kupungua kilo 5 hadi 9 kunatosha kushusha sukari na presha kwa kiasi kinachoonekana. Anza na soda: chupa ya nusu lita ina zaidi ya vijiko kumi vya sukari. Chai ya maziwa yenye vijiko vinne, na mandazi mawili pembeni, mara tatu kwa siku, hiyo nayo ni chakula, hata kama unaniambia hujala tangu asubuhi. Ugali upungue, osuga (mnavu) au sukuma wiki iongezeke. Samaki si adui. Sufuria ya mafuta anayozamishwa ndiyo. Tembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki. Shuka boda boda kabla ya kufika.

Ukipungua hivyo, dawa huenda zikapunguzwa. Tutazipunguza sisi, baada ya kupima.

Nije lini bila kungoja tarehe ya kliniki?

Kiu isiyokatika, mkojo mwingi, au kupungua bila ya kubadili chakula: siku hiyohiyo. Kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, usingizi usio wa kawaida au maneno yasiyoeleweka: saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Donda la mguu, hata dogo, hata lisilouma, hasa lisilouma, lete lionekane.

Njoo na buku la kliniki na tembe zilizobaki, pamoja na zile ulizoacha kumeza. Na kama ulichomwa sindano, sema. Hatutakugombeza mlangoni, tunataka tu kujua uliacha dawa lini.