Mteule wa Benki Kuu akiletwa Bungeni: mwananchi apeleke nini, na lini

Kila Bunge la Kitaifa linapotangaza magazetini kwamba mteule fulani atapigwa msasa, tangazo hilo huwaalika wananchi kutoa maoni. Kinachotufikia sisi tunaozihudumia kamati ni barua pepe za sentensi moja, picha za jumbe za WhatsApp, na malalamiko kwamba "wote ni walewale". Mteule akiidhinishwa, tunaulizwa kwa nini maoni ya umma yalipuuzwa. Mengi hayakupuuzwa, ila yalikuja katika umbo ambalo kamati haiwezi kulifanyia kazi. Malalamiko haya huzidi pale nafasi inayojazwa inapohusu fedha, kama ile ya Gavana wa Benki Kuu, na sasa masharti mapya ya mtaji wa benki yameleta wasiwasi mwingine juu yake. Makala haya si ushauri wa kisheria, wala hayazungumzii hali ya benki yoyote inayohudumu leo.

Tuanze na lililopaswa kuwa wazi kufikia sasa. Wabunge hawamchagui Gavana wa Benki Kuu ya Kenya. Nafasi hutangazwa na waombaji husailiwa, kazi iliyofanywa na Tume ya Utumishi wa Umma mwaka wa 2015 na tena 2023. Rais huteua mmoja, jina likaletwa Bungeni. Hapo ndipo inapoanza kutumika Sheria ya Uteuzi wa Umma (Idhini ya Bunge) ya 2011: kamati inayohusika, ambayo kwa Gavana ni ya Fedha na Mipango ya Kitaifa, humhoji mteule hadharani, huandaa ripoti, kisha Bunge zima huamua. Bunge likimkataa, Rais ndiye huleta jina lingine. Hakuna mbunge mwenye uwezo wa kupenyeza jina la mtu wake, hata mtu huyo awe anaongoza katika kura za mitandaoni.

Muda nao ni mfupi. Kamati ina siku 28 kuanzia Bunge linapoarifiwa kuhusu uteuzi, na Bunge linaweza kuongeza siku zisizozidi 14. Siku hizo zikiisha bila Bunge kuidhinisha wala kukataa, mteule huhesabiwa kuwa ameidhinishwa. Nalirudia hili kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea: Bunge likinyamaza, limekubali. Wanaotuandikia wakidai kikao "kisimamishwe kwanza" wanaomba, pasipo kujua, jambo ambalo mteule wanayempinga angelifurahia kuliko wote.

Tena ripoti ya kamati haimalizi mambo. Oktoba 2022 Kamati ya Uteuzi ilipendekeza Peninah Malonza akataliwe kuwa Waziri wa Utalii, lakini Bunge zima likaigeuza ripoti na kumwidhinisha. Agosti 2024 Bunge liliifuata ripoti ya kamati kuhusu Stella Soi Lang'at, aliyependekezwa kuwa Waziri wa Jinsia: alikataliwa, wenzake 19 wakapita. Kwa hiyo mbunge wa eneo lako ana kura hata kama haketi katika kamati, na kati ya ripoti kuwasilishwa na hoja kupigiwa kura bado anapokea simu.

Sasa hati yenyewe. Sheria inamruhusu mtu yeyote, kabla ya siku ya mahojiano, kumkabidhi Karani wa Bunge ushahidi wa maandishi ulioapwa unaopinga ufaafu wa mteule. Hiyo ndiyo hati ya kiapo, au afidaviti kama wengi wanavyoiita. Andika jina lako, anwani yako, na yale unayoyajua wewe mwenyewe, aya kwa aya, kila aya na nambari yake. Kila kiambatisho, iwe barua, risiti au nakala ya hukumu, kipewe alama yake na kipigwe muhuri wa kamishna wa viapo. Kamishna, ambaye mara nyingi ni wakili, ataandika mahali ulipoapia na tarehe. Ni lazima uape mbele yake. Karatasi iliyotiwa saini nyumbani kisha ikakabidhiwa mtu wa bodaboda aipeleke kwa wakili "apige muhuri tu" haijaapwa, na wakili anayekubali mchezo huo anajitafutia matatizo. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na kosa hilo halifutiki kwa kuwa ulikuwa na nia njema. "Inajulikana na kila mtu" haithibitishi chochote.

Kamati huangalia mambo matatu: utaratibu uliotumika kumpata mteule, masharti ya Katiba na sheria, na kama uwezo, tajriba na sifa zake zinatosha kwa mahitaji ya ofisi. Kabila lake halimo, wala mwanasiasa aliyepiga naye picha harusini.

Haki itendeke, hata wabunge hawakai ndani ya mstari huo kila mara. Juni 2015 Dkt. Patrick Njoroge, aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Fedha Duniani jijini Washington, alifika mbele ya kamati akiwa mteule wa ugavana. Wakenya wengi wakiulizwa leo wanakumbuka nini kuhusu kikao hicho, watakwambia aliulizwa kwa nini hajaoa, na vipi mtu wa umri wake hana mali yoyote nchini. Magazeti yalijaa hayo. Ofisi ya Gavana ilikuwa haina mwenyewe tangu Machi, muhula wa Profesa Njuguna Ndung'u ulipokwisha, na ndani ya benki kadhaa mambo yalikuwa yameshaharibika bila umma kujua.

Kisha yakafuatana. Tarehe 14 Agosti 2015 Dubai Bank iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeshika benki iliyoshindwa kujiendesha, na siku 10 baadaye ikaamuliwa ifilisiwe. Tarehe 13 Oktoba ikafuata Imperial Bank, wiki chache baada ya kifo cha mkurugenzi wake mkuu, bodi ilipokwenda yenyewe Benki Kuu kueleza udanganyifu iliougundua. Benki hiyo ilikuwa imeidhinishwa kuuza hatifungani (hati za kukopa pesa kwa umma) za shilingi bilioni 2. Tarehe 7 Aprili 2016 ikawa zamu ya Chase Bank. Benki Kuu yenyewe ilitaja taarifa zisizo sahihi za mitandao ya kijamii kuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wateja wakimbilie pesa zao. Chase ilifunguliwa tena mwezi huohuo chini ya usimamizi wa benki ya KCB, na Agosti 2018 sehemu ya mali na asilimia 75 ya amana zilizobaki zikahamia benki ya SBM. Wa Imperial walisubiri: uamuzi wa kuifilisi ulikuja Desemba 2021.

Hatusemi kwamba swali moja zuri kamatini lingeziokoa benki hizo. Tunachosema ni kwamba amri ya kufunga benki, kuifungua au kuiachia muda zaidi hutoka kwa ofisi yenye mtu ndani yake, na mtu huyo huulizwa maswali hadharani, chini ya kiapo, kabla hajaingia. Baada ya hapo Kifungu cha 231 cha Katiba kinamkinga: Benki Kuu haipokei maelekezo ya mtu yeyote. Anayetuandikia kudai Bunge "limwamuru Gavana" arudishe pesa zake amechelewa, na hata angewahi, Bunge halina amri hiyo.

Kuhusu pesa zenyewe, kuna dhana mbili zinazotuchosha. Ya kwanza ni kwamba ukifungua akaunti tatu katika benki moja, umejipatia kinga mara tatu. Hapana. Shirika la Bima ya Amana (KDIC) hujumlisha akaunti zako zote katika benki hiyo, hutoa deni unalodaiwa na benki, kisha hulipa hadi shilingi 500,000. Kiwango hiki kilianza Julai 2020. Awali kilikuwa 100,000. Kinachozidi hapo hakijapotea, bali hungojea mali ya benki iuzwe, na kungoja kwenyewe mmekuona. Dhana ya pili ni kwamba Sacco nayo imo. Sacco zinazopokea amana husimamiwa na mamlaka yake, SASRA, na KDIC haihusiki na akiba yako huko.

Adhabu pia zimebadilika. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya Desemba 2024 iliongeza faini ya juu ambayo Benki Kuu inaweza kuitoza benki inayokiuka sheria kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 20, au mara tatu ya faida iliyopatikana kwa ukiukaji huo. Faini hii hutozwa na Benki Kuu bila kungoja kesi mahakamani. Haigawiwi wateja, kwa hiyo kusikia benki yako imetozwa faini si sababu ya kupanga foleni ya fidia.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyogusa mtaji. Mwaka wa 2015 Hazina ilitaka mtaji wa msingi wa benki, yaani fedha za wenye benki wenyewe wala si amana za wateja, upande kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 5, wabunge wakakataa kwa hofu kwamba benki ndogo zingemezwa. Hoja yao ilikuwa na uzito, na isitoshe udanganyifu wa wakurugenzi hautibiwi kwa mtaji. Mwaka huohuo benki zikaanza kuanguka. Miaka tisa baadaye Bunge limepitisha bilioni 10, kwa hatua: bilioni 3 kufikia mwisho wa 2025, 5 mwisho wa 2026, 6 mwaka wa 2027, 8 mwaka wa 2028, na 10 mwisho wa 2029. Benki iliyo chini ya kiwango kipya si lazima iwe inaanguka; inaweza kuongeza fedha za wenye hisa, kuungana na nyingine au kununuliwa. Kabla ya kusambaza orodha uliyotumiwa na shemeji, fungua taarifa ya fedha ambayo kila benki huchapisha kila robo mwaka. Mtaji wa msingi upo chini kabisa ya jedwali, karibu na uwiano wa ukwasi (kipimo cha pesa ambazo benki inaweza kuzipata haraka), ambao sheria inataka usipungue asilimia 20.

Gavana wa sasa, Dkt. Kamau Thugge, aliingia ofisini Juni 2023, na muhula ni wa miaka 4. Nafasi hiyo itarudi mezani kabla ratiba ya mtaji haijafika mwisho. Anayetaka kuandika hati wakati huo anaweza kuuliza mambo yanayohusu ofisi: je, mteule ana hisa au mkopo katika benki atakayoisimamia? Aliwahi kuketi katika bodi ya taasisi iliyofungwa, na kumbukumbu za vikao zinaonyesha alisema nini? Benki ikishindwa kufikia kiwango cha mwaka, atairuhusu ipokee amana mpya kwa siku ngapi?

Tangazo la kikao hutolewa angalau siku 7 kabla, na saa ya mwisho ya kupokea hati huandikwa humo humo.