Ruzuku ya miezi miwili, uji wa kila siku

Ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, huja kila baada ya miezi miwili, lakini mtoto hula kila siku. Lishe huvujia hapo katikati. Wiki ya kwanza kuna dagaa na yai. Wiki ya sita unga unaongezwa maji ili sufuria ijae. Ndiyo maana kwenye kaya za tambarare ya Moshi mimi huangalia kijiko kwanza, hela baadaye.

Chota uji, inamisha kijiko. Ukitiririka kama maji, ni mwepesi mno. Tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mwenye kilo 8 hujaa kwa kikombe kimoja. Likishajaa maji, chakula hakina pa kukaa.

Mama haongezi maji kwa uzembe tu; uji mzito mtoto anausukuma nje kwa ulimi. Dawa wanayo Wachaga miaka yote: kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa ukakaushwa, kilekile cha kutengenezea pombe ya mbege. Pika uji mzito hasa, epua, uache upoe mpaka kidole kivumilie. Tia kijiko cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe, koroga, subiri kama dakika kumi. Utalegea wenyewe bila tone la maji. Kisha urudishe motoni uchemke tena, kwa kuwa kimea kimeingia kibichi na vijidudu vyake. Wanaoshindwa wengi hukitia uji ukiwa bado unatokota: joto linaua vimeng'enya vya kimea, ndivyo vinavyolegeza uji, na uji unabaki zege.

Sasa hesabu ya mtoto wa mwaka mmoja. Vikombe viwili kwa siku, gramu 50 za unga kila kikombe, ni kilo 6 kwa siku 60: kilo 4 na nusu za mahindi au ulezi, kilo 1 na nusu za soya. Nunua zote siku ya malipo, ila usisage zote. Soya ina mafuta, unga wake huchacha. Saga kilo 3, zilizobaki mwezi wa pili. Kabla ya kusaga, soya ichemshe nusu saa, ianike, ikaange. Soya mbichi huzuia mwili kumeng'enya protini.

Ule unga wa lishe wa nafaka nane siupendi. Nyingi ni wanga uleule kwa majina tofauti, na moja ikiwa na ukungu imeharibu zote. Karanga ndiyo ya kuogopa zaidi: iliyonyauka au kubadilika rangi itupwe, hata kuku asipewe. Kukaanga hakuondoi sumukuvu, sumu ya ukungu, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Dagaa wa Mwanza wanaouzwa soko la Mbuyuni mara nyingi wana mchanga. Waoshe, waanike, wakaange bila mafuta, watwange. Kijiko kimoja cha chakula kwa siku kinatosha, kitiwe uji ukichemka mara ya mwisho.

Bado kuna tatizo la Machi hadi Mei, mahindi mapya yakiwa bado shambani: akiba ya mtoto ndiyo inayoguswa kwanza na nyumba nzima. Ichanganye na soya mara tu soya ikishakaangwa. Hakuna anayesonga ugali wa soya.