Kuthibitisha kanuni ya Ohm kwa rezista moja na betri tatu

Wanafunzi wengi wa sekondari wanaokuja kwenye maabara ya chuo chetu hapa Arusha wanaijua kanuni ya Ohm kwa kichwa: volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani. Ukiwapa betri na waya waithibitishe, wanapima mara moja, wanagawanya, wanaandika jibu. Hapo hakijathibitishwa kitu. Kanuni inasema kwamba volteji ikipanda maradufu, mkondo nao unapanda maradufu, mradi joto la rezista, yaani kifaa kidogo kinachokinza mkondo, halijabadilika. Sharti hilo la joto ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloharibu majaribio mengi.

Vifaa vyenyewe ni vya bei ndogo. Tafuta rezista ya omu 100 yenye mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia na dhahabu. Mafundi redio wa Ngarenaro au Kaloleni hawakosi za kukuuzia, hata zilizonyofolewa kwenye redio mbovu. Mstari wa dhahabu unakuambia kwamba ukinzani halisi unaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, yaani uwe kati ya omu 95 na 105. Ongeza betri kavu tatu za volti 1.5, swichi, waya na vipimio viwili: amita ya kupima mkondo na voltimita ya kupima volteji. Ukiwa na mita moja inayopima vyote viwili, pima kwa zamu.

Amita inakaa ndani ya njia ya umeme: unakata njia, unaiweka katikati ili mkondo wote upite humo. Voltimita inashika ncha mbili za rezista yenyewe, sambamba nayo. Angalia sana hapa: mita iliyoachwa kwenye upande wa mkondo, kisha ikagusishwa kwenye ncha za betri, inapiga shoti na fyuzi yake inaungua.

Anza na betri moja, soma, kisha ongeza ya pili na ya tatu. Tuseme umepata volti 1.54 na miliampea 15.7, volti 3.05 na miliampea 31.2, volti 4.56 na miliampea 46.5. Gawanya kila jozi, ukikumbuka kugeuza miliampea kuwa ampea, na utapata omu 98 hivi mara zote tatu. Chora grafu, volteji ikiwa wima na mkondo ukiwa mlalo. Nukta zinapaswa kukaa kwenye mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri, na mwinuko wa mstari huo ndio ukinzani. Nukta ikikaa pembeni kidogo, iache pale pale ilipo. Kuisogeza ili ipendeze ni kudanganya, na mwalimu makini ataona.

Kwa nini nasema betri tatu na si nne? Rezista ndogo za kawaida huhimili robo wati. Kwa volti 6, rezista ya omu 100 inatoa joto la wati 0.36, inapata moto, na ukinzani wake unaanza kuyumba. Kwa volti 4.5 ni wati 0.2 tu. Hata hivyo, bonyeza swichi wakati wa kusoma tu, kisha achia. Unaipa rezista nafasi ya kupoa, na betri hazichoki.

Betri kuchoka kulimsumbua hata Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyechapisha kanuni hii mwaka 1827. Betri za zama zake zilishuka nguvu wakati anapima, vipimo vikamyumbia. Akaziacha, akatumia jozi ya metali mbili zilizounganishwa, shaba na bismathi, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu. Tofauti ya joto isiyobadilika ilimpa volteji isiyobadilika, na hapo ndipo uhusiano ulipojitokeza wazi.

Ukimaliza, toa rezista na uweke balbu ya tochi ya zamani, ile yenye uzi, inayohimili volti za betri zako. Rudia vipimo vyote. Safari hii grafu itapinda, kwa sababu uzi ukiwaka ukinzani wake unafika hata mara kumi ya ule wa uzi uliopoa. Taa ya LED nayo haipitishi karibu chochote mpaka volteji ikaribie volti 2, na ukiijaribu lazima uiunge kwa mfululizo na rezista yako, la sivyo itaungua. Yote haya yafanyike kwa betri tu. Umeme wa ukutani ni volti 230, na unaua.