Selimundu: herufi moja ya DNA iliyobadilika

"Sisi wote wawili wazima, huyu mtoto ugonjwa ameutoa wapi?" Wazazi wa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huuliza hivyo, na mara nyingine lawama hufuata: ukoo wa mama, ukoo wa baba, jicho la jirani. Jibu limo ndani ya seli, katika namna DNA, yaani maagizo ya urithi, inavyojinakili.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba, zikishikana kwa besi za aina nne tunazoziandika kwa herufi A, T, G na C. A hushikana na T, G hushikana na C. Ukiujua uzi mmoja, umeshaujua na wa pili. James Watson na Francis Crick walipotangaza muundo huo mwaka 1953, wakisaidiwa na picha ya eksirei kutoka kwa kundi la Rosalind Franklin huko London, waliona papo hapo kwamba umbo lenyewe linaonyesha njia ya kunakiliwa.

DNA ya seli moja ukiinyoosha hufika kama mita 2. Hutosha ndani ya kiini kwa sababu huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, mithili ya uzi wa cherehani kwenye bobini, kisha hukunjwa tena na tena. Vifurushi hivyo ndivyo kromosomu zetu 46: 23 za mama, 23 za baba.

Kabla seli haijagawanyika, nyuzi mbili huachana kama zipu. Kimeng'enya kiitwacho polimerasi hupita juu ya kila uzi wa zamani kikiupangia mwenzake mpya, herufi kwa herufi. Kikikosea hurudi nyuma, hung'oa herufi isiyolingana na kuweka inayofaa. Ukaguzi wote ukikamilika, hubaki takriban kosa moja tu katika herufi bilioni moja. Mimi hustaajabia hesabu hiyo hadi leo.

Lakini kosa likishapenya, hunakiliwa kwa uaminifu uleule. Zamani sana, katika kromosomu ya 11, ndani ya jeni (kipande cha DNA chenye maagizo) ya himoglobini, protini ibebayo oksijeni kwenye damu, A moja iligeuka T. Kwa herufi hiyo moja, chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu zinapopungukiwa oksijeni.

Mwenye nakala moja ya jeni hiyo iliyobadilika kwa kawaida haumwi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba nakala moja humkinga mtu kwa kiasi dhidi ya malaria, na ndiyo maana imedumu katika maeneo yetu yenye mbu wengi. Ugonjwa huja mtoto anapopokea nakala mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Hakuna upande uliochangia zaidi.

Kipimo cha damu humtambua mwenye nakala moja, na ni vyema wachumba wakapima mapema. Wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye selimundu. Hesabu hiyo huanza upya kila mara: kuzaa mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama.