Baraza la Mbele ya Nyumba, Mombasa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Baraza lililojengwa vibaya hujulikana kwa jambo moja: halikaliwi. Wenyewe hukaa ndani na feni, majirani hupita wakasalimu wakaenda zao, na benchi hugeuka mahali pa kuwekea mitungi ya gesi. Mara nyingi pesa zilitumika za kutosha. Kilichokosewa ni vipimo, kivuli na chokaa, na makosa hayo huanzia kwenye maneno ambayo watu huyarudia bila kuyapima.

“Baraza ni pambo la nyumba za Mji wa Kale.”

Pambo ni mlango wa nakshi. Baraza lina kazi. Mgeni hukaribishwa, akapewa kahawa na maongezi, na sitara ya waliomo ndani isiguswe. Kwa nyumba ambayo chumba cha kwanza ni cha kulala, kama zilivyo nyumba nyingi za mtaa wa Majengo zenye ujia katikati na vyumba pande mbili, bila baraza hakuna pa kumweka mtu. Tena benchi la mawe lililoegemezwa ukutani hupokea maji ya mvua yanayoruka kutoka njiani, yakaupata mguu wa benchi badala ya mguu wa ukuta.

“Likiwa kubwa ndipo watu watakaa.”

Watu hukaa panapowafaa miguu na mgongo. Kimo cha benchi kiwe sentimita 40 hadi 45 kutoka chini. Likifika 55, mzee huning’iniza miguu na baada ya robo saa ganzi imeshamwingia. Kina cha sentimita 50 kinatosha mtu wa kukaa wima. Kama mnataka kukunja miguu na kucheza bao au dhumna, fanyeni 70, lakini hapo asiyekunja miguu atahitaji mto nyuma ya mgongo. Urefu hesabuni sentimita 60 kwa kila mtu.

Uso wa benchi usiwe sawasawa kabisa. Uinamishwe kuelekea njiani, sentimita 1 kwa kila sentimita 50 za kina, maji yasituame. Kinachosahaulika zaidi ni ukingo wa mbele: ukiachwa na pembe kali hubana mshipa wa nyuma ya goti, halafu humeguka wa kwanza. Uviringwe.

Mabenchi mawili yanayotazamana, moja kila upande wa mlango, huleta mazungumzo kuliko benchi moja refu ambalo watu sita hukaa wote wakitazama barabara. Nafasi kati yake iwe kama mita moja na nusu. Ikizidi mita mbili na nusu watu huanza kupaaza sauti, na siri za mtaa hazipendi sauti kubwa.

“Simiti ni imara kuliko chokaa, basi tupige simiti.”

Kwa nyumba mpya ya bloku, simiti haina ubaya. Kwa nyumba ya mawe ya matumbawe iliyojengwa kwa chokaa, simiti ni maradhi ya polepole.

Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Hunyonya unyevu wa ardhini, na unyevu wa mji huu una chumvi. Lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke na kukauka hewani. Simiti huuziba. Maji yakikosa njia hapo chini hupanda ndani ya ukuta, yakatokea juu ya benchi, pale hasa watu wanapoegemea. Chumvi nayo hujikusanya nyuma ya lipu, hugeuka chembe ngumu na kuisukuma nje. Masika chache tu zikipita, gonga kwa kifundo cha kidole: palipo na mlio wa tupu, lipu imeshaachana na jiwe, na siku itakapoanguka itabandua na jiwe lenyewe.

Ukarabati huenda hivi. Simiti itolewe kwa nyundo ndogo na patasi. Mashine ya kuvunjia hutikisa ukuta mzima. Kazi ianze msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ili ukuta uachwe wazi wiki kadhaa ukauke. Chumvi nyeupe inayojitokeza ipigwe brashi kavu na kuzolewa. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Kisha changanya kipimo 1 cha chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa majini, na vipimo 3 vya mchanga wa shimoni uliooshwa. Mchanga wa pwani usikaribie, hata akikwambia fundi kwamba ameuacha ukanyeshewa.

Lowesha ukuta kidogo, piga tabaka lisilozidi milimita 10, likandamize, kisha lifunike kwa magunia yenye maji siku chache za mwanzo. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa taratibu. Ikikaushwa na jua haraka hupasuka nyufa kama utando wa buibui. Ngoja angalau wiki moja kabla ya tabaka la pili. Mwisho pakaza maji ya chokaa mara tatu, nyepesi nyepesi. Rangi ya mafuta ya kung’aa isipakwe kabisa, maana hiyo nayo huziba kama simiti.

Kama mnazima chokaa wenyewe, chokaa ndiyo huingizwa majini kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya chokaa huchemka na kuruka, na jicho likipata tone ni safari ya hospitali. Vaa miwani na glavu, watoto wawe mbali.

Vigae vinavyong’aa juu ya benchi? Vikilowa huteleza, vikipata jua huchoma. Mkeka wa ukindu juu ya chokaa nyeupe unashinda.

“Paa likitokeza mita moja, kivuli kipo.”

Hutegemea baraza linatazama wapi, na hapa ndipo wengi hupotea. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu utosini mwaka mzima. Baraza linalotazama kaskazini hupigwa na jua tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, lakini jua hilo liko juu: hata Juni linapoinama zaidi, mita moja ya paa hufunika ukuta karibu mita 1.9. La kusini lina nafuu zaidi.

Tabu ni magharibi, kwa sababu watu hutoka nje baada ya alasiri, saa ambayo jua limeshuka. Saa kumi jioni liko kama digrii 35 juu ya upeo. Mita moja ya paa hapo inafunika sentimita 70 tu za ukuta. Ikiwa ukingo wa paa uko mita 2.4 kutoka chini, kivuli kinaishia mita 1.7 na aliyeketi yumo juani mwili mzima. Saa kumi na moja mita hiyohiyo inatoa sentimita 36. Kurefusha paa hakutibu. Dawa ni kitu cha kuning’inia: mikeka ya kukunja au chiki za vijiti kwenye ukingo wa paa, zishushwe mpaka mita 1.1 kutoka chini saa ya jua kali, zikunjwe jua likizama. Vijiti vina faida ya kuacha upepo upite na mtu kumwona anayekuja.

Mji wa Kale ulilimaliza jambo hili kwa njia nyembamba na nyumba za ghorofa: nyumba ya ng’ambo ndiyo mwavuli wako, na roshani iliyo juu ya mlango huongeza. Kwenye barabara pana ya Kisauni au Likoni huna jirani wa kukukinga, basi panda mwarobaini, mita 5 kutoka ukutani ili mizizi isiinue sakafu.

Mvua ya masika nayo, kilele chake mwezi wa Mei, huja na upepo wa kusi. Baraza la kusini au mashariki litalowa hata chini ya paa. Kwa hilo mwinamo wa benchi haupunguzwi, na viti vya mbao vifungwe kwa skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Msumari wa kawaida huliwa na hewa ya bahari haraka.

“Mbu wa barazani hutoka mtaroni, tena usiku.”

Wa usiku wapo. Lakini anayeeneza dengi na chikungunya, maradhi ambayo Mombasa imeyapata zaidi ya mara moja, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, na huzaliana kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo: sahani ya chungu cha maua, pipa lisilofunikwa, tairi kuukuu pembeni mwa benchi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo maji yamwagwe kila wiki. Kumwaga pekee hakutoshi. Mayai hunata ukingoni na kustahimili ukavu kwa miezi, basi chombo kisuguliwe kwa brashi. Taa nayo iwe ya mwanga wa manjano. Nyeupe kali huita kila mdudu wa mtaa.

“Baraza ni la wanaume.”

Ni la zamu. Baada ya alasiri na baada ya isha wanaume huwa wengi, kahawa tungu ikipita na dele lake na kashata. Asubuhi pita Majengo uone ni nani aliyeweka karai la mahamri na sufuria ya mbaazi kwenye kibaraza, na ni nani anauza viazi karai jioni ya Ramadhani. Mama mwenye biashara hiyo anahitaji kitu kimoja ambacho wajenzi humnyima: meko pembeni, upande upepo unakoelekea, moshi usirudi ndani wala usiwapige waliokaa.

“Aliyekaa lazima apewe chakula.”

Hapana. Anayepita husalimu kwanza, aliyeketi huitikia na kumwambia karibu, na kukaa dakika mbili bila kuguswa sinia ni heshima kamili. Gharama wanayoidhania tu ndiyo huwafanya watu wafunge geti.

“Ni nyumba yangu, nitalibomoa nikitaka.”

Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa, na urithi kama huo unalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006. Kabla ya kuvunja benchi, kuziba roshani au kuweka geti la vyuma, nenda ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa ukiwa na picha na mchoro wenye vipimo. Kwingineko mjini, kibali ni cha kaunti, na swali la kwanza litakuwa kama benchi lako limeingia kwenye njia ya umma. Pima kabla hujamwaga zege. Kuhamisha ukingo kwenye karatasi hakugharimu kitu.