Siku 126 za likizo ya ugonjwa: maana yake, na nyumba inaishije zikiisha

Likizo ya ugonjwa yenye malipo ni muda ambao mfanyakazi anayeumwa yuko nje ya kazi huku mwajiri akiendelea kumlipa. Kwa sekta binafsi Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeuwekea muda huo kiwango cha chini: siku 126. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara mzima, siku 63 zinazofuata unalipwa nusu. Zikiisha, sheria haimlazimishi tena mwajiri kulipa, isipokuwa mkataba wako, au mkataba wa hali bora kazini (ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri), umetoa zaidi. Watumishi wa umma wanaongozwa na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, kwa hiyo hesabu yao ni nyingine.

Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba siku hizi hazianzi upya kila Januari kama likizo ya mwaka. Mzunguko wake ni miezi 36, unaohesabiwa tangu mtu alipoajiriwa. Mume wako akiwa alilazwa mwaka juzi na kutumia siku 40 ndani ya mzunguko huohuo, zimebaki 86: siku 23 za mshahara mzima na 63 za nusu. Waombeni ofisini wawaandikie zimebaki ngapi, mapema, kabla hamjaanza kupanga matumizi. Mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini kwa kawaida bado hajafikia haki hii. Na mwajiri anaweza kukataa kulipa asipoletewa cheti cha daktari, kwa hiyo ile karatasi ya ED ya kila kliniki, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazi, ipelekwe ofisini, na nakala ibaki nyumbani ikiwa na saini ya aliyeipokea. Familia inayohangaika kwenda na kurudi hospitali ya KCMC husahau kikaratasi hicho kirahisi sana, na ndicho kinacholeta mshahara.

Tuchukue mfano. Baba ni dereva wa kampuni ya utalii Arusha, mshahara 600,000 kwa mwezi. Mama anauza mboga soko la Kilombero, nyumba ya kupanga iko Sakina, watoto wawili wanasoma. Baba anaanza likizo ya ugonjwa tarehe 3 Machi, na siku zake zote 126 zipo. Mshahara mzima unakwenda hadi tarehe 4 Mei. Kuanzia tarehe 5 Mei ni nusu, yaani kiwango cha 300,000 kwa mwezi. Tarehe 6 Julai siku zinakwisha. Shule zinafunguliwa Julai, ada ya muhula inadaiwa, na kama kodi ya nyumba hulipwa kwa miezi sita tangu Januari, mwenye nyumba naye anasubiri chake wakati huohuo. Tarehe hizi zote zingeweza kuandikwa kwenye kalenda ya ukutani tangu wiki ya kwanza ya Machi. Ndiyo maana nasisitiza watu wahesabu mapema: siku ya malipo kukoma inajulikana tangu mwanzo, hata kama siku ya kupona haijulikani.

Kipindi cha hatari ni kile cha nusu mshahara, kwa sababu kinadanganya. Hela bado inaingia, basi nyumba inaendelea kuishi vilevile. Lakini makato hayapungui kwa nusu. Kama baba ana mkopo wa benki unaokatwa 200,000 kila mwezi, kwenye ile 300,000 inabaki 100,000 kabla ya makato mengine. Huo ndio wakati wa kwenda benki, si Julai. Ombeni marejesho yapunguzwe na muda urefushwe, mkiwa na barua ya mwajiri na cheti cha daktari mkononi. Ulizeni pia bima ya mkopo. Mikopo mingi ya wafanyakazi imewekewa bima ya kifo na ulemavu wa kudumu, na wakopaji wengi hawajui kwamba wameilipia.

Kwenye kikoba, sema kabla hujachelewesha rejesho. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na wenzako watakuelewa zaidi ukitangulia kusema kuliko wakikufuata sokoni. Mwenye nyumba naye aulizwe kama atapokea kodi ya mwezi mmoja mmoja kwa kipindi hiki, wapo wanaokubali. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, iepuke kabisa. Riba yake itakula mtaji wa mboga, na mtaji ule ndio mshahara pekee utakaobaki ndani ya nyumba. Mtaji usiguswe hata kwa dawa, kama kuna njia nyingine yoyote. Hospitalini muone afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni pamoja na kushughulikia maombi ya msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo. Hakuna aibu hapo.

Sasa lile ninalotaka lieleweke kuliko yote. Malipo kukoma si ajira kukoma. Siku ya 127 ikifika, baba bado ni mwajiriwa mpaka mwajiri afuate utaratibu wa kumwachisha, au yeye mwenyewe aandike barua ya kuacha kazi. Na ndipo watu wengi wanapopoteza haki zao. Wanaambiwa kwa upole, "andika tu barua upumzike, ukipona utarudi." Mgonjwa amechoka, mke amechoka, barua inasainiwa. Msisaini. Hata kama anayewashauri ni mtu mwema.

Mwajiri anayetaka kumwondoa mtu kwa sababu ya ugonjwa anatakiwa na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 aangalie kwanza chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake na kama ni wa muda au wa kudumu, kisha aone kama kazi inaweza kurekebishwa au kama kuna kazi nyingine ya kumpa. Dereva asiyeweza tena kukaa kwenye usukani safari nzima pengine anaweza kupanga magari ofisini. Mfanyakazi ana haki ya kusikilizwa na kuwa na mwakilishi. Akiachishwa kwa utaratibu huo anastahili notisi, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au malipo badala yake, pamoja na likizo ya mwaka ambayo hakuitumia. Na kama amefanya kazi mwaka mmoja au zaidi, anastahili kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, kisichozidi miaka kumi. Dereva wetu, akiwa anafanya kazi siku sita kwa wiki, mshahara wake wa siku ni kama 23,000. Siku saba ni takriban 161,000, na kwa miaka minane inakaribia 1,290,000. Hiyo ni ada, ni kodi, na bado kitu kinabaki cha kuongeza kwenye meza ya mboga. Kiinua mgongo hicho hulipwa mwajiri anapomwachisha mtu. Aliyeandika barua mwenyewe hana cha kudai hapo.

Kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni hivyohivyo. Fao la kukosa ajira, ambalo ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi 18, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Kama ugonjwa umemwondolea theluthi mbili au zaidi ya uwezo wake wa kujipatia kipato, na bodi ya madaktari ikathibitisha, kuna pensheni ya ulemavu kwa aliyetimiza michango inayotakiwa. Nendeni mapema mkaangalie michango yake, maana wapo waajiri wanaokata kwenye mshahara na hawapeleki.

Kama ugonjwa au ajali imetokana na kazi, njia ni tofauti. Mpagazi aliyevunjika mguu mlimani, au mfanyakazi wa shamba la maua aliyedhurika na dawa za kunyunyizia, anatakiwa kushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara na yanaweza kwenda hadi miezi 24, muda mrefu kuliko siku 126. Msikubali ajali ya kazini iandikwe kama homa ya nyumbani.

Dada zangu huniuliza kama sheria inamtaka mke abebe nyumba. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mke mwenye uwezo ana wajibu wa kumtunza mume ambaye maradhi yamemzuia kujipatia riziki. Neno la kuangalia ni "mwenye uwezo": sheria haimwagizi muuza mboga akope asichoweza kulipa. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 59, inazuia nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Kwa hiyo, kama mnaishi kwenye nyumba yenu na shemeji akija na wazo la kuiuza "ili mgonjwa atibiwe", kikao kisifungwe bila wewe, na hakuna karatasi inayosainiwa siku hiyohiyo.

Mwajiri akimwachisha bila utaratibu, au akimlazimisha kuandika barua, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba moja. Mwisho ni siku 30 tangu kuachishwa. Mgonjwa anaweza kuwa bado kitandani siku hizo zikipita, kwa hiyo wewe mwenza ndiye wa kuzihesabu, na chama chake cha wafanyakazi, kama ni mwanachama, kinaweza kumsaidia kuipeleka fomu na kusimama naye kwenye usuluhishi.